Joto kazini: Kuzirai na kuanguka kwa wafanyakazi mtaani Majengo, Mombasa

MTU anapoanguka kutoka kwenye ngazi au jukwaa la ujenzi, walio karibu huuliza kwanza ameumia wapi, kisha huuliza ameteleza vipi. Ni nadra kusikia mtu akiuliza alikuwa akijihisi vipi nusu saa kabla ya kuanguka, alikunywa maji mara ya mwisho saa ngapi, au alikuwa amesimama juani kwa muda gani. Hivyo ndivyo ajali ambayo chanzo chake ni joto inavyoishia kuandikwa daftarini kuwa ya kuteleza, na joto lenyewe likaendelea kuchukuliwa kuwa desturi ya Pwani ambayo kila mtu hana budi kuizoea.

Kukosea huko si jambo dogo. Kunamnyima majeruhi huduma ya kwanza inayofaa katika dakika ambazo uhai wake unategemea kupozwa mwili. Kunamfanya mwajiri anunue kofia ngumu pale alipohitaji pia kuweka mtungi wa maji. Na siku za baadaye, kunaweza kuvuruga dai la fidia. Mtaa wa Majengo, kisiwani Mombasa, unafaa kutumiwa kulichunguza suala hili kwa kuwa kazi nyingi zinazomweka mtu katika hatari hii hufanyika humo humo, nyingine hatua chache tu kutoka mlango wa anayezifanya.

Mtaa na hewa yake

Majengo iko magharibi ya Mji wa Kale, kandokando ya Barabara ya Jomo Kenyatta, katika eneobunge la Mvita. Kwa miaka mingi mtaa huu ulijulikana kwa nyumba za Kiswahili: nyumba ya chini yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma na baraza mbele. Paa la makuti liliruhusu hewa kupenya. Mabati yalipochukua nafasi yake, kwa kuwa hudumu na hayashiki moto upesi, joto nalo lilipata njia ya kuingia ndani. Katika miongo ya karibuni nyumba nyingi za aina hiyo zimebomolewa na mahali pake kusimamishwa maghorofa ya kupangisha. Fundi ambaye babake alijenga akisimama chini, au juu ya pipa na ubao, leo hupiga plasta nje ya ukuta wa orofa ya nne, chini yake pakiwa na kichochoro cha mawe.

Mombasa iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta, na miezi yake ya joto kali ni kuanzia Januari hadi mwanzoni mwa Aprili. Machi ndio kilele, ambapo joto la juu la mchana huwa kwa wastani takriban sentigredi 32 hadi 33. Mtu wa Lodwar au Garissa huenda akazicheka nambari hizo, maadamu kwao joto hupita hapo bila kusemwa. Lakini nambari ya kipimajoto peke yake hudanganya. Hewa ya Mombasa imejaa unyevu wa bahari, na unyevu ndio unaouzuia mwili kujipoza. Isitoshe, kipimajoto cha watabiri wa hali ya hewa huwekwa kivulini, mahali penye hewa. Hakiwekwi juu ya paa, ambako bati lililopigwa na jua la adhuhuri linaweza kupita sentigredi 60.

Upepo nao una sehemu yake. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kisha huja maleleji, yaani kipindi ambacho pepo hulegea na kubadilikabadilika kabla ya kusi kushika. Mabaharia walikijua kipindi hicho vyema kwa sababu jahazi halikwendi. Fundi aliye kwenye kichochoro kati ya maghorofa mawili anakijua kwa njia nyingine: jasho humtiririka mwili mzima na halikauki.

Mwili unavyoshindwa

Mwili wa binadamu hujitahidi kubaki kwenye takriban sentigredi 37. Misuli inayofanya kazi huzalisha joto lake yenyewe, na joto hilo halina budi kutolewa nje. Mwili hulitoa kwa njia mbili kuu. Kwanza, hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi ili damu yenye joto ifike juu na kupoa. Pili, hutoa jasho. Ni vyema ieleweke kwamba kinachopoza mwili si jasho lenyewe, bali ni kukauka kwake. Jasho linalodondoka chini ni maji na chumvi vilivyopotea bure. Anayefanya kazi nzito kwenye joto anaweza kupoteza lita moja au zaidi kwa saa, na katika hewa yenye unyevu mwingi sehemu kubwa ya maji hayo haimsaidii kitu.

Hapo ndipo kuzirai kunapoanzia. Mishipa ya ngozi imetanuka, damu nyingi imekwenda huko na nyingine imetuama miguuni, na kiasi cha maji mwilini kimepungua. Moyo hupiga mbio kufidia upungufu huo. Mtu akiwa amesimama wima bila kutembea, au akiinuka ghafla baada ya kuchutama, msukumo wa damu huporomoka na ubongo ukakosa damu ya kutosha kwa sekunde chache. Macho huingia giza, masikio huvuma, magoti hulegea.

Aliyezirai akiwa kwenye ardhi tambarare huanguka chali au kifudifudi, na kwa kuwa sasa kichwa kiko sawa na moyo, damu hurejea ubongoni na fahamu hurudi, aghalabu ndani ya dakika moja au mbili. Kuanguka kwenyewe ndiko dawa. Tatizo ni mahali pa kuangukia. Aliye juu ya ngazi hana pa kulala. Mama anayekaanga viazi karai au mahamri ana karai la mafuta yanayochemka mbele yake. Mchomeleaji vyuma ana chuma chekundu mkononi, na msukuma mkokoteni ana mzigo unaoteremka nyuma yake. Hata katika sakafu tambarare, kisogo kikigonga ukingo wa saruji, aliyezirai kwa sekunde kumi anaweza kupata jeraha la ubongo la maisha.

Mbali na kuzirai, joto huleta hali nyingine mbili ambazo ni lazima zitofautishwe. Ya kwanza ni kuchoshwa na joto: jasho jingi, kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, udhaifu, misuli kukaza. Mtu huyu bado anajielewa na anaweza kujibu maswali. Akipumzishwa kivulini na kunywa maji, hupata nafuu.

Ya pili ni hatari kubwa. Mwili hushindwa kabisa kujipoza na joto lake la ndani hupita sentigredi 40. Baadhi ya madaktari huiita hali hii kiharusi cha joto, ingawa si kiharusi kile cha kupooza. Dalili yake kuu iko kichwani: mtu huropoka, hugombana bila sababu, hupepesuka kama mlevi, hajui aliko, hutetemeka kifafa au huzimia asizinduke. Ipo dhana ya zamani kwamba mtu wa aina hii lazima ngozi yake iwe kavu. Kwa anayefanya kazi za sulubu si hivyo. Wengi wao bado wanatoka jasho wanapoanguka. Mitaani, dalili hizi zimewahi kudhaniwa kuwa ni ulevi, kifafa, na wakati mwingine pepo, na kila dhana kati ya hizo hupoteza dakika.

Kuanguka bila kuzirai

Si lazima mtu azirai ndipo joto limwangushe. Viganja vyenye jasho haviushiki mti sawasawa. Jasho linaloingia machoni humfanya mtu apangushe uso wakati mkono huo ulipaswa kushikilia. Kizunguzungu kidogo, ambacho mwenyewe hakihesabu kuwa ugonjwa, humkosesha kukadiria umbali wa ubao unaofuata. Na usiku wa Machi, ndani ya chumba chenye paa la bati na dirisha moja, watu hawalali vizuri; anayepanda ngazi saa mbili asubuhi huwa tayari amechoka.

Jambo hili limethibitishwa kwa hesabu. Nchini Marekani, watafiti walichunguza madai zaidi ya milioni 11 ya majeraha ya kazini katika jimbo la California, ya kuanzia 2001 hadi 2018, na kuyalinganisha na joto la siku na mahali ajali ilipotokea. Waligundua kwamba katika siku ambazo joto lilipita takriban sentigredi 32, majeraha yaliongezeka kwa asilimia 6 hadi 9 yakilinganishwa na siku za joto la wastani. Zaidi ya hayo, ongezeko hilo halikuwa la maradhi ya joto pekee. Lilihusu pia kuanguka kutoka juu, kugongwa na magari na kuumizwa na mashine, yaani ajali ambazo kwa kuzitazama tu mtu hawezi kuona joto ndani yake. Msomaji atakumbuka kwamba sentigredi 32, ambazo huko zilihesabiwa kuwa siku ya joto kali, ndizo za kawaida kwa mchana wa Machi mjini Mombasa.

Mfumo wa kimataifa wa kuainisha magonjwa, unaotumiwa hospitalini, wenyewe unaonyesha jinsi chanzo kinavyoweza kupotea. Katika toleo lake la kumi, kuzirai kwa sababu ya joto kuna alama yake, T67.1. Kuanguka kutoka kwenye ngazi ni W11, na kutoka kwenye jukwaa la ujenzi ni W12. Majeruhi anayefikishwa hospitalini akiwa amevunjika paja atapewa alama za kuvunjika na za kuanguka bila shida, kwa kuwa zote mbili zinaonekana. Ile ya joto hupatikana tu kama kuna mtu aliyeuliza na mwingine aliyekuwapo akajibu. Kufikia wakati huo mwili umekwisha kupoa, na mashahidi wamerudi kazini.

Walio katika hatari zaidi

Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria mwaka 2024 kwamba wafanyakazi zaidi ya bilioni 2.4 hukabiliwa na joto la kupita kiasi kazini, na kwamba majeraha milioni 22.85 na vifo 18,970 kila mwaka vinatokana nalo. Afrika ndiyo iliyoongoza, kwa asilimia 92.9 ya wafanyakazi wake. Lakini hatari hiyo haigawanyiki sawa, hata miongoni mwa watu wanaofanya kazi moja mahali pamoja.

Anayeongoza katika hatari ni mgeni. Mwili huhitaji takriban siku 7 hadi 14 kulizoea joto: katika muda huo hujifunza kutoa jasho mapema zaidi, kupunguza chumvi inayopotea na kuongeza kiasi cha damu. Idara ya Marekani inayosimamia usalama kazini inaeleza kuwa kati ya asilimia 50 na 70 ya vifo vya joto katika kazi za nje hutokea siku chache za mwanzo. Sasa mfikirie kijana aliyetoka Kinangop au Limuru kuja kutafuta kibarua. Treni ya SGR, iliyoanza kusafirisha abiria mwaka 2017, humfikisha Mombasa chini ya saa sita. Mwili wake utafika baada ya wiki moja au mbili. Kesho yake alfajiri atakuwa mjengoni miongoni mwa ‘watu wa mkono’, akipandisha mchanga na kokoto kwa ndoo, tena kwa bidii kuliko wenzake kwa kuwa anataka nyapara amwone na kumwita tena siku inayofuata. Bidii hiyo ndiyo inayomponza.

Taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani (NIOSH) inapendekeza kwamba mgeni asifanye zaidi ya asilimia 20 ya kazi ya kawaida ya joto siku yake ya kwanza, kisha aongezewe si zaidi ya asilimia 20 kila siku. Kontrakta wa Majengo akisoma pendekezo hilo huenda akacheka, kwani kibarua hulipwa kwa siku na hutarajiwa kufanya kazi ya siku. Hata hivyo, hakuna kinachomzuia kumpa mgeni kazi ya chini na ya kivulini katika wiki ya kwanza na kuwapandisha juu waliozoea. Hilo halimgharimu hata shilingi moja. Wenyeji wa Mombasa nao wasijione salama kabisa: aliyeugua malaria wiki mbili, au aliyekuwa likizoni bara, hurudi akiwa nusu mgeni.

Kuna wale wenye maradhi ya moyo, figo, kisukari au shinikizo la damu. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu hufanya kazi kwa kupunguza maji mwilini, na anayezitumia anafaa kumweleza daktari kwamba kazi yake ni ya juani badala ya kuziacha kimyakimya. Pombe hukausha mwili. Miraa na muguka huondoa hamu ya chakula na usingizi, na kumfanya mtafunaji asihisi uchovu ambao ungemwonya.

Halafu kuna funga. Majengo ni mtaa wenye Waislamu wengi, na katika miaka ya karibuni Ramadhani imeangukia palepale kwenye kilele cha joto: ya 2024 na ya 2025 zote zilianza mwezi Machi. Kwa kuwa mwezi huo hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, utaendelea kuwa ndani ya msimu wa kaskazi kwa miaka kadhaa. Kumwambia mfanyakazi anywe maji kila baada ya dakika 20 hakuna maana kwake. Linalowezekana ni kubadilisha saa: kazi nzito na za juu zianze mara baada ya sala ya alfajiri na zikome kabla ya adhuhuri, na alasiri ibaki ya kupanga vifaa au kazi za ndani. Kuhusu ruhusa ya kufungua kwa anayehofia madhara ya mwili na kuilipa siku hiyo baadaye, sheria ya dini imekwisha kulizungumzia. Ni suala la mfanyakazi na mwanachuoni wake, si la nyapara.

Wengine husahaulika kwa kuwa hawako juani. Mwoka mikate mbele ya tanuri, mshonaji anayepiga pasi chini ya bati, mpishi wa hoteli ndogo isiyo na dirisha la nyuma: hawa wote hupata joto la hewa na la moto kwa pamoja. Mlinzi anayesimama getini bila kutembea naye ni wa kutazamwa, kwa sababu kusimama tuli ndiko kunakoituamisha damu miguuni.

Saa za kazi

Kinga inayofahamika duniani ni ya mambo matatu: maji, kivuli na mapumziko. Maji yawe karibu kiasi kwamba mtu hahitaji kuteremka orofa nne kuyafuata, na yanywewe kabla ya kiu, takriban kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20. Kupita lita moja na nusu kwa saa nako si salama, kwani chumvi ya damu huzimuliwa kupita kiasi. Anayekula milo yake sawasawa kwa kawaida hupata chumvi ya kutosha. Kivuli kinaweza kuwa turubai lililofungwa kwenye nguzo nne juu ya orofa inayojengwa, lililoachwa wazi pande zote ili hewa ipite.

Lakini kinga iliyo kubwa kuliko zote ni saa, na hapa Pwani ilikuwa na hekima yake kabla ya mashirika kuandika miongozo. Maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena baada ya alasiri. Mgeni huona uvivu. Mitaa ile myembamba yenye kuta nene za mawe ya matumbawe ilijengwa na watu waliojua jua liko wapi saa saba mchana. Hata majina ya mitaa ya kisiwa hiki yanakumbusha vivuli: Mwembe Tayari, Mwembe Kuku, Mwembe Tanganyika. Ujenzi wa maghorofa ulikuja na saa zake, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ambazo huenda zinafaa Nairobi.

Ng'ambo ya bahari, mataifa ya Ghuba ambako vijana wengi wa Mombasa huenda kutafuta kazi yamezifanya saa hizo kuwa sheria. Nchini Oman, kazi za juani hupigwa marufuku kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, kwa amri iliyotolewa mwaka 2008. Qatar, baada ya lawama nyingi za kimataifa, ilipanua marufuku yake Mei 2021: kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15, hakuna kazi za nje kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Zaidi ya hayo, kazi husimama saa yoyote pale kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo kinapopita 32.1. Wafanyakazi waliotibiwa kwa maradhi ya joto katika zahanati za Hilali Nyekundu ya Qatar walipungua kutoka 1,520 mwaka 2020 hadi 620 mwaka 2021, kisha 351 mwaka 2022. Nchi hizo hazisifiki kwa kuwadekeza wafanyakazi, na mageuzi hayo hayakufuta dhuluma nyingine. Lakini kijana aliyerudi kutoka Doha na kupata kibarua Majengo ana haki ya kushangaa kwamba saa saba mchana yuko juu ya bati.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haina saa za marufuku za namna hiyo. Hata hivyo, inamwajibisha mwajiri kuhakikisha usalama na afya ya kila anayefanya kazi mahali pake, kuweka maji safi ya kunywa, vifaa vya huduma ya kwanza na kinga kwa wanaofanya kazi mahali pa juu. Ipo pia ibara isiyojulikana na wengi: mfanyakazi aliye na sababu ya kuamini kwamba mahali pa kazi pana hatari kubwa na ya karibu anapaswa kumwarifu msimamizi wake, na akiondoka hapo kwa sababu ya hatari hiyo hawezi kufutwa wala kuadhibiwa kwa kuondoka. Katika siku ya joto kali, kizunguzungu juu ya jukwaa ni hatari ya aina hiyo kwa kipimo chochote cha akili.

Makontrakta hulalamika kwamba mapumziko hupoteza muda. Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) ya Agosti 2025 ilieleza kuwa kwa kila digrii moja inayozidi 20 katika kipimo hicho cha pamoja, tija ya wafanyakazi hushuka kwa asilimia 2 hadi 3. Muda huo, basi, hupotea hata kama kila mtu ameachwa asimame juani.

Mtu akianguka

Asizongwe. Umati unaomzunguka majeruhi huziba hewa, na ndilo jambo la kwanza la kuondoa. Kisha itazamwe ameanguka kutoka wapi.

Aliyezirai kwenye ardhi tambarare na hana jeraha, alazwe chali kivulini, miguu iinuliwe kidogo, nguo zilegezwe. Asiinuliwe kukalishwa mara moja, kosa ambalo hufanywa kila siku kwa nia njema. Akizinduka na kujielewa anyweshwe maji kidogo kidogo, na siku hiyo asipande tena juu.

Aliyeanguka kutoka juu asivutwe wala kuinuliwa miguu, kwa kuwa shingo au uti wa mgongo huenda umeumia. Mtu mmoja akishike kichwa chake kisigeuke huku gari la wagonjwa likiitwa. Kivuli kiletwe alipo: khanga mbili zilizoshikwa na watu wanne zinatosha. Kumbeba mtu kama gunia na kumkunja ndani ya tuktuk, ili afikishwe haraka katika Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani ambayo haiko mbali, kunaweza kugeuza jeraha linalotibika kuwa la kupooza.

Anayeropoka, asiyejua aliko au asiyezinduka, na mwili wake ni wa moto, apozwe papo hapo. Kanuni ya madaktari ni kupoza kwanza na kusafirisha baadaye. Amwagiwe maji mwili mzima bila kukoma na apepewe kwa nguvu. Barafu, ikiwapo, iwekwe shingoni, makwapani na kwenye kinena. Kama hakuna dalili ya kuumia kwa kuanguka na lipo pipa au beseni kubwa, azamishwe kwenye maji baridi hadi shingoni huku akishikiliwa. Asinyweshwe chochote akiwa hajitambui. Dawa za kutuliza homa hazisaidii hapa, kwani joto hili si homa.

Kumbukumbu na fidia

Sheria ya fidia kwa wanaojeruhiwa kazini, ijulikanayo kwa kifupi WIBA, ilipitishwa mwaka 2007 na kupingwa mahakamani kwa miaka mingi, hadi Mahakama ya Juu ilipoithibitisha Desemba 2019. Chini yake, mfanyakazi hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Inatosha kwamba ajali ilitokea kazini na kwa sababu ya kazi. Kibarua wa siku aliyeajiriwa kwa mdomo naye ni mwajiriwa. Fundi anayejitegemea ndiye anayebaki nje, na hiyo ni sehemu kubwa ya Majengo.

Hoja inayoweza kutolewa dhidi ya aliyezirai ni kwamba alikuwa na ugonjwa wake, kwa hiyo hakuna ajali ya kazini. Ndiyo maana maelezo ya siku ile yana uzito. Yaandikwe mapema: saa ya kuanguka, alianza kazi saa ngapi, alikuwa juani au chini ya bati, maji yalikuwa wapi, ni siku yake ya ngapi kazini, alilalamika kuumwa na kichwa au kizunguzungu kwa nani, na majina ya waliokuwapo. Daktari naye aelezwe hayo kwa ukamilifu, badala ya kuambiwa tu kwamba mtu ameanguka, ili yaingie kwenye faili.

Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 tangu apate habari. Kwa kifo, taarifa inapaswa kufika ndani ya saa 24. Ulemavu kamili wa kudumu, au kifo, hufidiwa kwa mapato ya miezi 96. Dai lenyewe liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, na kwa jamaa za aliyefariki muda huo huhesabiwa tangu siku ya kifo.